Nembo za Royal Engineers: Taji, Guruneti na Neno la Kilatini

Beji ya kofia ya Royal Engineers, kikosi cha wahandisi wa medani cha Jeshi la Uingereza, haina koleo wala sururu, haina daraja wala ukuta. Katikati yake pana herufi za jina la mfalme au malkia anayetawala. Herufi hizo zimezungukwa na ukanda wa Nishani ya Garter, wenye bizimu upande wa chini na maneno ya Kifaransa cha kale, Honi soit qui mal y pense. Juu ya ukanda limekaa taji, pande mbili linapanda shada la majani ya loreli, na chini kabisa upo utepe wenye jina la kikosi. Kwenye kola ya koti huvaliwa alama ya pili, guruneti linalowaka moto, na chini yake utepe mwingine wenye neno moja la Kilatini, Ubique, maana yake "kila mahali". Asiyezijua alama hizi angedhani mvaaji wake ni mlinzi wa ikulu au mpiga mizinga. Kumbe ni mtu wa kujenga madaraja, kutegua mabomu na kuchimba visima.

Sababu ni kwamba nembo za Royal Engineers hazikuchorwa ili kueleza kazi yao. Zinaeleza ukoo wao: walitoka katika ofisi gani, waliishi nyumba moja na nani, na nani aliwapa heshima ipi na lini. Nyingi kati yake zilitokana na mambo ya utawala, yaani hati za kifalme, vikosi kuunganishwa na ofisi kuvunjwa, na ndiyo maana zinaifunua historia ya kikosi vizuri kuliko ambavyo picha ya ngome ingeweza.

Katika karne ya 18 nguvu za kijeshi za Uingereza zilikuwa na mabwana wawili. Askari wa miguu na wapanda farasi walikuwa chini ya makamanda wa jeshi la mfalme. Mizinga, baruti, ngome na ramani vilikuwa chini ya ofisi nyingine kabisa, Board of Ordnance, yenye makao yake katika Mnara wa London, yenye bajeti yake na mkuu wake aliyeitwa Master-General. Wanamizinga na wahandisi walikuwa watu wa ofisi hii. Mwaka 1716 Ordnance iliunda kampuni zake za kwanza za kudumu za mizinga, zilizokuja kuwa Royal Artillery, na Royal Engineers nao huhesabu kuanzishwa kwa kikosi chao tangu mwaka huo huo. Ofisi hiyo ilikuwa na ngao yake: uwanja wa buluu wenye mizinga mitatu ya dhahabu iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na katika sehemu ya juu, juu ya rangi ya fedha, risasi tatu za duara za mizinga. Jina lake lingali hai katika Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1791 na ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na maafisa wa Royal Engineers.

Guruneti la kolani linatokana na nyumba hiyo ya Ordnance. Guruneti la zamani lilikuwa mpira wa chuma uliojazwa baruti na kutiwa utambi, na mchoro wake ukawa ishara ya watu wote waliofanya kazi karibu na baruti. Royal Fusiliers, kikosi cha askari wa miguu kilichoundwa mwaka 1685 kulinda msafara wa mizinga ya Ordnance, kililivaa pia. Kwa hiyo mhandisi na mwanamizinga wanafanana kolani kwa sababu walikuwa ndugu wa baba mmoja. Tofauti iliyobaki kati yao ni ya kuhesabu: guruneti la Royal Engineers lina ndimi tisa za moto, na la Royal Artillery lina ndimi saba. Mgeni hawezi kuiona tofauti hiyo akiwa mbali hatua chache tu, lakini watengenezaji wa beji na wakuu wa mavazi wa kikosi wameilinda kwa makini, na ni kipimo cha kwanza anachotumia mkusanyaji wa beji anapookota guruneti lisilo na maandishi.

Wahandisi wa mwanzo walikuwa maafisa watupu. Kikosi kilikuwa na wanaume wenye elimu ya hesabu, uchoraji na ujenzi wa ngome, ila hakikuwa na askari hata mmoja wa kuchimba wala kujenga. Kazi yenyewe ilifanywa na vibarua na mafundi raia waliolipwa kwa siku, na vibarua waliweza kuondoka, kugoma au kulewa wakati wowote. Kwenye mwamba wa Gibraltar, ambako Uingereza ilikuwa ikiimarisha ngome zake dhidi ya Hispania, mhandisi mkuu William Green alichoshwa na hali hiyo akaomba mafundi wanaofungwa na sheria ya jeshi. Mwezi Machi 1772 ikaundwa Soldier Artificer Company, kampuni ya waashi, wachonga mawe, maseremala, wahunzi na wachoma chokaa waliokuwa askari kamili. Wakati wa mazingiwa makubwa ya 1779 hadi 1783 watu hao, chini ya sajenti meja Henry Ince, walianza kutoboa ndani ya mwamba njia zenye matundu ya mizinga. Njia hizo zingali zinatembelewa hadi leo.

Mwaka 1787 mambo mawili yalifanyika pamoja. Kikosi cha maafisa kilipewa jina la heshima la Royal, kikawa Corps of Royal Engineers, na papo hapo kikaundwa kikosi kingine cha askari mafundi, Corps of Royal Military Artificers. Hapo Uingereza ikawa na maafisa wasio na askari wao upande mmoja, na upande wa pili askari wasio na maafisa wao wa kudumu. Wote walivaa makoti ya buluu yenye kola na mapindo ya mikono meusi. Ya maafisa yalikuwa ya mahameli. Buluu hiyo nayo ilikuwa ya nyumba ya Ordnance. Askari wa miguu wa Uingereza alivaa koti jekundu, na mtu wa Ordnance alivaa buluu.

Buluu hiyo ilikuja kuwa hatari. Katika vita vya Hispania na Ureno dhidi ya Napoleon, wahandisi wa Kiingereza walifanya kazi mbele kabisa, usiku, katika mahandaki yaliyosogezwa hatua kwa hatua hadi chini ya kuta za miji iliyozingirwa. Wafaransa nao walivaa buluu, na katika moshi na giza askari wa Kiingereza angeweza kumpiga risasi mtu wake mwenyewe. Kufikia mwaka 1813 wahandisi walikuwa wamebadilishiwa koti, likawa jekundu lenye kola na mapindo ya buluu. Nyekundu na buluu zimebaki kuwa rangi za Royal Engineers hadi sasa. Mkanda wa kiunoni wa askari wake ni mwekundu uliokoza wenye mistari miwili ya buluu, na katika Vita vya Pili vya Dunia kitambaa cha jina kilichoshonwa begani kilikuwa na herufi za buluu juu ya nyekundu. Kile cha wanamizinga kilikuwa na herufi nyekundu juu ya buluu. Vitambaa viwili hivyo vikiwekwa pamoja mezani, kimoja ni kinyume cha kingine, na uhusiano wa vikosi viwili vilivyokaa nyumba moja na kutoka kwa milango tofauti unaonekana hapo kwa jicho tu.

Vita hivyohivyo vilibadilisha zaidi ya koti. Mazingiwa ya mji wa Badajoz, Hispania, ya mwaka 1811 na 1812 yaligharimu maisha ya watu wengi mno. Sehemu ya lawama ilitokana na uhaba wa askari waliofundishwa kuchimba mahandaki ya kuzingira, na Wellington, kamanda wa jeshi la Uingereza huko, alilalamika waziwazi kwa serikali. Matokeo yake ni kwamba mwezi Aprili 1812 ikaanzishwa shule ya uhandisi wa medani huko Chatham, chini ya Charles Pasley, na kikosi cha mafundi kikafinyangwa upya, kikaishia kuitwa Royal Sappers and Miners mwaka 1813. Sapper ni askari anayechimba handaki la kuisogelea ngome huku akipigwa risasi. Hadi leo mtu anayeanza kazi katika Royal Engineers hana cheo cha private kama wenzake wa vikosi vingine. Cheo chake ni Sapper. Katika orodha yote ya alama na majina ya kikosi, hilo ni karibu jambo pekee linalotaja kazi yenyewe, nalo halionekani kwenye beji yoyote.

Alama mashuhuri kuliko zote ilikuja mwaka 1832, enzi za Mfalme William IV. Kuelewa uzito wake kunahitaji kujua desturi ya vikosi vya askari wa miguu. Kila batalioni ilikuwa na bendera zake za hariri, na juu ya bendera hizo yalitariziwa majina ya vita ambavyo kikosi kilijipatia sifa: Talavera, Salamanca, Waterloo na mengineyo. Bendera hizo zilibarikiwa kanisani, zilipigiwa saluti, na zilipozeeka zilitundikwa makanisani hadi zikachakaa kabisa. Askari alijua heshima ya kikosi chake kwa kusoma majina hayo. Wahandisi na wanamizinga hawakuwa na utaratibu huo, kwa sababu hawakupigana wakiwa batalioni moja chini ya bendera moja. Walitawanywa, afisa mmoja hapa, kampuni moja kule, na karibu kila vita ambavyo jeshi lilipigana walikuwamo. Kuwapa orodha ya majina kungekuwa ama kuwapa orodha ya vita vyote vya Uingereza, ama kuwadhulumu.

Jibu la mfalme lilikuwa neno moja. Vikosi vyote viwili vilipewa Ubique lisimame mahali pa majina ya vita, pamoja na wito mwingine wa Kilatini, Quo fas et gloria ducunt, unaosema kwamba huenda kule ambako haki na utukufu vinawaongoza. Royal Engineers walipewa pia haki ya kutumia ngao ya kifalme. Tangu hapo hawana bendera za vita kama askari wa miguu wala hawaongezi majina mapya. Crimea, Somme, Normandy, Falkland, yote yamo ndani ya neno lile. Ni uamuzi wa busara iliyo nadra katika mambo ya nembo. Vikosi vingine vilibishana kwa miongo mingi kuhusu jina gani liingie na lipi liachwe, na kikosi hiki kikaepushwa mabishano hayo milele. Hata hivyo uamuzi huo una bei. Kazi kubwa za wahandisi hazina mahali pa kuandikwa, kama ule mtandao wa ngome za Torres Vedras uliojengwa chini ya Richard Fletcher ili kuilinda Lisbon. Fletcher mwenyewe aliuawa mbele ya kuta za San Sebastián mwaka 1813, na hakuna bendera inayolibeba jina la mji huo kwa niaba ya kikosi chake.

Board of Ordnance haikuhimili aibu za Vita vya Crimea. Askari walipokufa kwa baridi na njaa huku mizigo ikiwa imekwama bandarini, lawama ziliangukia mfumo wa ofisi nyingi zisizosikilizana, na mwaka 1855 Ordnance ikavunjwa. Wahandisi wakahamishiwa chini ya makao makuu ya jeshi, na mwezi Oktoba 1856 Royal Engineers na Royal Sappers and Miners wakaunganishwa. Kwa mara ya kwanza afisa na askari wake walivaa alama za kikosi kimoja. Guruneti likabaki, wito ukabaki, nyekundu na buluu vikabaki. Ukanda wa Garter na herufi za mtawala ndivyo vilivyokuja kukaa kwenye kofia.

Herufi hizo zimeifanya beji ya Royal Engineers kuwa kalenda ya wafalme. Kila mtawala mpya anapokalia kiti, beji hubadilika. Enzi za Victoria zilikuwapo herufi V na R zilizosukwa pamoja. Baadaye zikafuata za Edward VII, George V, George VI na Elizabeth II. Hata Edward VIII, aliyetawala kwa miezi isiyotimia kumi na moja mwaka 1936 kisha akajiuzulu, aliacha beji zenye herufi zake, na leo ni miongoni mwa vitu vinavyosakwa sana na wakusanyaji. Taji nalo hubadilika. Kati ya 1901 na 1952 lilitumika taji lenye matao ya mviringo, linaloitwa la Tudor. Elizabeth II alichagua taji la Mtakatifu Edward, ambalo matao yake hubonyea katikati, na Charles III aliyeanza kutawala mwaka 2022 akarudi kwenye la Tudor. Beji ya sasa ina herufi C na R, na namba III ndani ya R. Mtu akiokota beji iliyofukiwa ardhini, iwe Flanders au Taveta, anaweza kuipa umri kwa kutazama vitu viwili tu, umbo la taji na herufi za katikati.

Metali nayo ina habari yake. Beji ya kawaida ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya metali mbili, shaba ya manjano na metali nyeupe, au ya shaba tupu. Nyuma yake kulikuwa na ulimi mwembamba wa kuchomeka kwenye kitambaa cha kofia, au vishikio viwili vilivyofungwa kwa pini. Katika Vita vya Pili vya Dunia shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi, na kuanzia miaka ya 1940 askari wengi walipewa beji za plastiki ya kahawia. Mchoro ulikuwa uleule, na ukanda, taji na loreli vyote vilikuwamo, lakini kingo zilikuwa butu na maneno ya Kifaransa hayakusomeka vizuri. Vishikio vyake vilikuwa vipande laini vya metali vilivyokunjwa nyuma ya kitambaa, na vilikatika upesi. Askari hawakuzipenda beji hizo kwa kuwa hazikung'aa hata ziking'arishwa kiasi gani. Leo, kwa kuwa vishikio vilikatika upesi, ni chache zinazopatikana zikiwa nzima.

Ukitazama majeshi mengine, upekee wa Royal Engineers huonekana zaidi. Wahandisi wa Ufaransa wana alama ya dirii na kofia ya chuma, vazi zito ambalo mchimba handaki alilivaa ili risasi za walinzi wa ngome zisimpate. Kazi imechorwa pale wazi. Wamarekani walichagua ngome yenye minara mitatu na kuifanya nembo ya Corps of Engineers mwaka 1840, na vifungo vyao vya koti vina tai, boma lenye maji pembeni, jua linalochomoza na neno la Kifaransa Essayons, kumbukumbu ya wahandisi wa Kifaransa waliowasaidia katika vita vya uhuru. Mwaka 1902, jeshi la Marekani lilipolazimisha vifungo vya aina moja kwa wote, wahandisi waliruhusiwa kubaki na vyao. Ndani ya jeshi la Uingereza lenyewe, Pioneer Corps, kikosi cha vibarua wa kijeshi, kilivaa beji yenye bunduki, koleo na sururu zilizopishana. Mtu aliyekutana na beji hizo zote mbili angeweza kudhani wenye koleo ndio wajenzi wa madaraja, na wenye Garter ni makarani wa mfalme.

Nchi zilizorithi mfumo wa Uingereza zilichukua kile zilichokipenda. Wahandisi wa Kanada walibaki na Ubique na kumweka kwenye nembo yao beva, mnyama anayejenga mabwawa ya magogo. Waaustralia wanalo guruneti na Ubique, na zaidi ya hayo wito wa Kilatini unaosema kwamba wanajenga na kuvunja. India baada ya uhuru ilifanya jambo lenye maana kubwa zaidi. Kikosi chake cha wahandisi kilikiacha Kilatini na kuchukua Sarvatra, neno la Kisanskriti lenye maana ileile, na hivyo heshima ya zamani ikahifadhiwa katika lugha ya nchi yenyewe.

Afrika Mashariki iliziona alama hizi mapema, mara nyingi bila kujua zilimaanisha nini. Mwaka 1885 afisa wa Royal Engineers aliyeitwa Herbert Kitchener aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika tume iliyopima mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar kwenye pwani ya bara. Kutokana na kazi ya tume hiyo, mapatano ya 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mwezi Desemba 1891 kapteni J. R. L. Macdonald, naye wa Royal Engineers, alianza safari kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria kupima njia ya reli, akiwa na maafisa wenzake wa kikosi hichohicho. Kapteni B. L. Sclater aliongoza ujenzi wa barabara kutoka Kibwezi kuelekea ziwani katika miaka ya 1895 na 1896, na sajenti George Ellis aliweka kituo cha wanyama wa mizigo kando ya mto mahali ambapo baadaye pakawa Nairobi. Upimaji wa mpaka, reli, barabara na kituo, vyote viliandaliwa na watu wa guruneti la ndimi tisa, na ni sehemu ya historia ya ukoloni wa eneo hili kabla ya kuwa sehemu ya historia ya beji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni za reli za Sappers and Miners kutoka India zilitandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na reli ya Kijerumani ya Tanga na Moshi.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta wahandisi Waafrika wenyewe. East African Engineers walitumika pamoja na askari wa miguu wa King's African Rifles, na kampuni zake zilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyokwenda Burma. Hapo ilionekana desturi tofauti kabisa na ile ya Garter na Kilatini. Divisheni za vita hivyo zilijichagulia alama rahisi za kushona begani na kupaka kwenye magari, na ile ya 11 ilikuwa kichwa cha kifaru. Alama ya aina hii haikuhitaji hati ya kifalme wala mtaalamu wa ngao. Kazi yake ilikuwa kumwezesha dereva katika giza la mvua za masika ya Asia ajue gari lililo mbele ni la nani. Mwishoni mwa 1944 divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin huko Kalewa. Hapo wahandisi walifunga daraja la kuelea la aina ya Bailey lenye urefu wa takriban mita 350, moja ya kazi kubwa za uhandisi za vita vile. Kifaru kilieleweka na askari wa kutoka Nyanza, Songea na Zomba bila mtu kuwasomea Kilatini, na kwa upande huo kilifanya kazi ambayo beji ya kofia haikuiweza.

Vita hivyohivyo vilizaa alama nyingine ya begani, ndogo lakini yenye uzito. Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani ambayo hayakulipuka yalianza kuzagaa katika miji ya Uingereza, na kuyategua likawa jukumu la Royal Engineers. Wategua mabomu hao walipewa alama ya kitambaa chekundu chenye bomu la manjano, ishonwe kwenye mkono wa kushoto. Mwezi Septemba mwaka huo luteni Robert Davies na wenzake walichimba na kuliondoa bomu lililokuwa limezama karibu na kanisa la St Paul's huko London, na yeye pamoja na Sapper George Wyllie wakatunukiwa Nishani ya George Cross. Alama ya bomu ilikuwa na manufaa ya haraka, kwani raia aliyeiona alijua wa kumwita, na polisi alijua wa kumpisha njia. Hapo, kwa mara moja, Royal Engineers walivaa picha ya kazi yao.

Kikosi hiki kimezaa vikosi vingine, na kila mtoto alipoondoka alijitafutia nembo yake. Kitengo cha maputo na ndege cha Royal Engineers, kilichoitwa Air Battalion mwaka 1911, kiligeuka Royal Flying Corps mwaka uliofuata na hatimaye kuwa jeshi la anga mwaka 1918. Watu wa simu na telegrafu walijitenga mwaka 1920 wakawa Royal Corps of Signals, na kwenye beji yao wakamweka Mercury, mjumbe wa miungu ya Kirumi, aliyesimama kwa mguu mmoja. Watu wa reli na bandari waliondoka mwaka 1965 kwenda Royal Corps of Transport. Hakuna hata mmoja aliyechukua guruneti, kwa sababu lilikuwa la nyumba ya zamani na halikuwa la kugawana.

Ndani ya kikosi chenyewe upo upekee mmoja uliosalimika kila mageuzi. Royal Monmouthshire Royal Engineers, kikosi cha akiba chenye asili ya wanamgambo wa Monmouthshire na kilichofanywa cha wahandisi mwaka 1877, hakivai beji ya kofia ya wenzake. Kinavaa manyoya matatu ya Prince of Wales, alama ya eneo lake, na katika jina lake neno Royal linatokea mara mbili: mara moja kwa heshima ya wanamgambo wa zamani, na mara ya pili kwa heshima ya kikosi walichojiunga nacho. Makarani wa jeshi wangeweza kulikata moja wakati wowote ili jina liwe fupi. Yote mawili yamebaki.